Bobini ya Nne Iko Njiani

Kwa miaka mingi nilionyesha watu filamu, na kama kuna kitu kilichonichosha kuliko kazi yenyewe, ni maoni yao. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kukagua mabehewa katika stesheni ya Kamina. Unapiga gurudumu kwa nyundo, unasikiliza. Gurudumu zima linalia hivi, lenye ufa linalia vile, na halibishani nawe. Lakini Jumapili alasiri niliendesha projekta katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, tuliouita serkele, na humo kila mwenye macho mawili alijua kuliko mimi jinsi filamu inavyotakiwa kwenda.

Hata leo bado mtu ananisimamisha sokoni, ameshika mafungu yake ya mboga, ananiuliza: "Papa, ile kaseti ya bale bantu ba mu nyota, mwisho yake njo mwisho ya kweli?" Ninamjibu kwamba sijui, naenda zangu. Najua vizuri sana. Ila nikianza kueleza itabidi nieleze yote, na kwa miaka mingi sikuwa na nguvu hizo.

Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani hata ilipotufikia mara ya kwanza. Ilikuja kwa treni kutoka Lubumbashi, bobini tatu za mkanda wa filamu ndani ya makopo ya bati. Ilihusu watu wanne wanaosafiri ndani ya chombo cha angani kwenda nyota ya mbali. Chombo kinaharibika, wanatua juu ya mwamba mweusi usio na hewa, na fundi wao anatoka nje kufungua chuma kilichokwama. Anakifungua, lakini chombo kinaanza kuondoka na mlango lazima ufungwe. Kapteni anamwambia kwa redio: tutarudi kukuchukua. Fundi anakaa juu ya mwamba, anainua mkono. Baada ya hapo zilikuwa zimebaki dakika kumi hivi. Kapteni amefika nyumbani, nywele zimekuwa nyeupe, kila siku anafungua redio na redio haisemi kitu. Mwishoni anachukua kitabu cha waliokufa, anaandika jina la fundi, anazima redio. Filamu inakwisha.

Mlangoni pa serkele alikaa mwanamke aliyeuza vitumbua. Alikuwa mke wa askari na aliishi Base, kule kwenye kambi kubwa ya ndege nje ya mji. Kila Jumapili asubuhi alikuja na lori lililoleta familia za askari sokoni. Kwao kulikuwa mbali sana, kaskazini, upande wa mto mkubwa. Kiswahili alijifunzia huku kwetu, akakizungumza polepole, anachagua neno kwanza ndipo analitoa. Vitumbua vikiisha aliingia akakaa benchi la nyuma, beseni lake miguuni, na mimi sikumwuliza tiketi. Nilimpenda kwa sababu hakuwa na maoni. Filamu ikiisha alisema "aksanti, papa", akaenda kungojea lori.

Miezi michache kabla ya filamu hiyo kufika, mumewe alipelekwa mpakani pamoja na wenzake. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Mmoja wao alimweleza mkewe kwamba walipofika mto fulani, mguu wake ulikuwa umevimba hata hawezi kukanyaga. Wakamweka kivulini, wakamwachia maji na biskuti, wakamwambia watarudi kumchukua. Kisha wakaamriwa kurudi kwa njia nyingine. Hiyo ndiyo habari yote aliyopata. Hapakuwa na karatasi wala kaburi, wala mtu aliyemwona amekufa.

Kulikuwa na desturi moja serkele. Kabla ya kuonyeshwa watu wote alasiri, kila filamu mpya ilipitishwa Jumapili hiyo hiyo baada ya misa mbele ya padri na mwenyekiti wa kamati, waseme pa kukata. Padri alikata wanaobusiana. Mwenyekiti alikata chochote alichoamka akakikuta, maana alilala kuanzia bobini ya kwanza. Mkasi, gundi na kopo la vipande vilikuwa vifaa vyangu vya kazi sawasawa na nyundo. Siku ile padri aliangalia robo saa, akaona ndani ya chombo hamna mwanamke hata mmoja, akasema filamu ni safi, akaenda kula. Mwenyekiti alikoroma. Kwa hiyo tulioona mpaka mwisho tulikuwa wawili, mimi na mama wa vitumbua aliyekuwa benchi la nyuma akisubiri wateja.

Habari ya mumewe niliijua. Kila mtu aliijua. Lakini nikwambie kweli, sikuikumbuka mpaka kapteni alipofungua kile kitabu, nikasikia beseni linapiga sakafu. Nilipomfuata nje nilimkuta ameshika ukuta. Halii. Akaniuliza:

"Papa, sababu gani anaandika jina? Alimuona?"

Mimi ni mtu wa magurudumu. Nikaona huruma, na huruma ikanikuta nina mkasi mfukoni. Nikamwambia:

"Mama, haiyaisha. Iko bobine ya ine. Haiyafika, iko njiani."

Akaachia ukuta. "Mu ile ya ine, banafuta jina?"

"Banafuta," nikasema.

Nimesema uongo mwingine maishani, kwa wakubwa wa kazi hasa, na hakuna ulionitoka kwa urahisi namna hiyo. Nikarudi ndani, nikakata zile dakika kumi, nikazitupa katika kopo la vipande. Saa tisa ukumbi ulijaa. Mablanketi yalikuwa yametundikwa madirishani, watoto wamekaa chini mbele. Fundi akainua mkono, na pazia la picha likawa jeupe.

Walipiga kelele za kutosha. Lakini nilipowaambia bobini ya nne haijafika, iko njiani, walitulia, wakaanza kutafuta viatu vyao. Mgeni hawezi kuelewa. Kamina ni mji wa reli, na sisi tulizaliwa tukingoja. Unga uko njiani, dawa ziko njiani, vitabu vya shule viko njiani tangu mtoto yuko darasa la pili na sasa ana ndevu. Mtu wa reli haulizi kama kitu kipo. Anauliza kimefika wapi. Kabla ya Jumatano dereva mmoja mzee wa treni alishajua kwamba behewa lenye bobini yetu limekwama Luena kwa kukosa mashine ya kulivuta. Wiki iliyofuata alikuwa ameliona kwa macho yake. Baadaye alikuwa ameligusa kopo.

Kile kipande sikukirudisha. Makopo yakaondoka bila mwisho, yakazunguka kwenye kumbi nyingine za njia ya reli, na habari zikaturudia kwa midomo ya madereva kwamba hata huko bobini ya nne inangojewa. Ilipokuja tena kwetu mwaka uliofuata, na mwingine, watu walikuja kuiangalia upya na kubishana itakuwaje. Kuna waliosema fundi atawakuta watu wengine kwenye mwamba. Kuna waliosema kapteni alimwacha makusudi, kwa wivu. Niliwasikiliza nikiwa nafunga projekta, nikachoka nao, na nikachoka zaidi na nafsi yangu.

Mama wa vitumbua hakubishana. Lakini jambo lilikuwa linamkaza kila mwaka zaidi. Mdogo wa mumewe, shemeji yake, alikuwa anakuja kutoka kwao ili wafanye matanga. Alikuwa fundi wa kushona, mtu mpole, na safari ile ilimla wiki nyingi kwa mashua na kwa treni. Kwa desturi ya kwao, mke haondoki mikononi mwa ukoo wa mume mpaka matanga yafanyike, siku ya mwisho aogeshwe, aambiwe uko huru. Bila hivyo hawezi kurudi kwa mama yake. Na mama yake alikuwa amezeeka, macho yanakwisha, kila barua anamwita binti yake. Shemeji alikuja mara ya kwanza, yule mama akamkatalia. Akaja mara ya pili, hali ile ile.

Mara ya tatu walikuja wote wawili mpaka serkele, sijui kwa nini, labda kukimbia jua tu. Nikasikia akimwambia kwa upole kabisa:

"Shemeki, miaka iko mingi. Mama yako anakulilia."

"Eko njiani," akasema yeye.

"Njia gani ile haina mwisho?"

Akanionyesha kwa kidevu. "Uliza papa. Bobine yake, mwaka ya saba leo, haiyafika. Njo kusema haiko?"

Shemeji akanitazama, anangoja nisaidie. Nilianza kutafuta kitu katika boksi la zana, kitu ambacho hakikuwamo. Niliona aibu, lakini aibu ya mvivu, ile inayosema kesho. Shemeji akapanda treni, akarudi alikotoka.

Kisha projekta ikafa. Taa yake iliungua, na nyingine ilikuwa, bila shaka, njiani. Kamati ikatafuta televisheni na mashine ya video, ikaweka jenereta nyuma ya ukumbi, na mimi nikageuka mtu wa kubonyeza kitufe. Watu wakasema papa sasa anapumzika. Kumbe maoni yaliongezeka maradufu, kwa sababu kaseti inaweza kurudishwa nyuma, na kila mmoja alitaka irudishwe pale anapopenda yeye.

Ilikuwa katika siku hizo ambapo dereva mmoja alirudi kutoka kusini na kaseti ya filamu yetu. Nilipoona picha ya mwamba mweusi juu ya boksi nililivuta karibu nisome. Chini ya picha iliandikwa kwa Kifaransa kwamba hili ni toleo jipya la kuangalia nyumbani, limerefushwa, limesafishwa, na lina mwisho ambao hamjawahi kuuona.

Kwa watu wa nchi nyingine maneno hayo ni tangazo la biashara tu. Kwa Kamina yalikuwa na maana moja: bobini ya nne imefika. Jua halijazama, habari ilikuwa imeshafika Base.

Sikuwa na nafasi ya kuiangalia kaseti, ilikuwa inalala kwa mwenyekiti chini ya mto wake. Nilijipigia hesabu kichwani: kama wamerefusha, watakuwa wamerefusha huzuni, kapteni ataandika jina lile kwa dakika ishirini badala ya mbili. Na mama wa vitumbua atakuwa benchi la nyuma. Jumamosi asubuhi nikapanda baiskeli kwenda Base. Njia ya mchanga, na magoti yangu tayari yalikuwa ya mzee. Njia nzima nilijilaumu, na kila kilima nilishuka nikasukuma, nikifurahi kwamba kinanichelewesha.

Nilimkuta mbele ya nyumba yake anachagua maharagwe kwenye sinia. Shemeji naye alikuwepo, amekuja mara ya nne, anangojea treni ya kumrudisha. Amekaa kibarazani anashona kifungo cha koti la jirani. Nilisalimu, nikapewa kiti. Sikutaka kunywa maji kwanza, nisije nikapoa.

"Mama, nimekuya juu ya ile filme."

"Nilisikia. Imefika."

"Haiyafika. Haikukuwaka na bobine ya ine. Ilikuwa tatu tu. Ile uliona siku ya kwanza, kapiteni anaandika jina, njo mwisho yake. Minyi njo nilikata."

Vidole vyake viliendelea kuchagua. Alitoa jiwe, akalitupa, akatoa jingine.

"Na bale banafuta jina?"

"Hakuna banafuta. Nilikudanganya."

"Fundi anakufa?"

"Anakufa."

"Kapiteni alimuona?"

"Hapana."

"Kuko muntu moja alimuona?"

"Hapana, mama."

"Sasa weye unajua namna gani?"

Shemeji alikuwa ameacha kushona. Yule mama akaweka sinia chini, akaniangalia usoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomjua nilimwona amekasirika.

"Sababu gani ulisema banafuta?"

"Nilikusikilia huruma."

"Huruma ya siku moja ingetosha, papa. Ungeniambia kesho yake. Weye ulinihurumia miaka kumi na moja."

Nilimwomba asije kesho, nikamwambia kaseti itamuumiza. Akasema atakuja, kwa sababu Jumapili anauza vitumbua. Nilirudi mjini nikiwa nimechoka mwili mzima, na ule mzigo niliodhani nitautua Base nikarudi nao, umeongezeka.

Jumapili serkele ilijaa hata dirishani. Walikuja wazee ambao hawakuwa wamekanyaga pale tangu projekta ife. Yule dereva mzee wa Luena alipewa kiti cha mbele. Kabla sijabonyeza kitufe maoni yalishaanza: televisheni ni ndogo, nyota zitaingiaje humo; afadhali pazia; afadhali bobini, bobini ilikuwa na heshima.

Basi tukaangalia. Waliosafisha filamu walikuwa wamepaka nyota rangi, zikawa za buluu na zinang'aa, na watu wakanung'unika kwamba nyota zetu za zamani zilikuwa nyeupe. Waliorefusha walikuwa wameingiza picha za jikoni kwa mke wa fundi, robo saa anakata vitunguu na kukumbuka. "Tulikuya kuangalia nyota, banatuonyesha vitunguu," akasema mtu, ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama pembeni ya televisheni, natazama benchi la nyuma.

Tukafika kwenye mwamba. Tutarudi, kapteni akasema. Mkono ukainuliwa, na ukumbi mzima ukanyamaza, kwa sababu hapo ndipo Kamina ilipoishia kwa miaka kumi na moja. Kapteni akaonekana na nywele nyeupe. Akafungua kitabu, akaandika jina. Nikafumba macho, nikangojea beseni.

Badala yake nikasikia redio inakwaruza. Nilipofumbua macho, kapteni alikuwa anafuta machozi na sauti ya fundi inasema: niko hapa. Wakapanda chombo kingine, wakaenda, wakamkuta. Akashuka nyumbani ngazi kwa ngazi, amevaa nguo zake zile zile, mkewe anakimbia, muziki wa vinanda unapanda. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Mama mmoja wa kwaya alimshukuru Mungu kwa sauti. Dereva mzee aligeukia wenzake, akawaambia kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi: "Nilisemaka. Ilikuwa Luena."

Halafu maoni. Ee, maoni. Mwalimu mmoja aliyevaa abakosti, suti yake ya Jumapili, alieleza kwamba yeye amesoma katika gazeti: wenye filamu wanaikata upya na kuishona kwa ajili ya majumbani, maana mtu aliyekaa na watoto wake hataki kulia. Sajini mmoja akasema ni uchawi, miaka yote hiyo yule mtu alikula nini. Vijana wakasema wazee hawapendi kitu kizuri. Nikajaribu, kwa sauti niliyobaki nayo, kusema kwamba filamu ya kwanza iliisha kwenye jina, kwamba mimi niliiona, mimi niliikata. Wakanicheka kwa upendo. "Papa, umezeeka," wakasema, na mmoja akanipigapiga begani. Kwa miaka kumi na moja waliamini uongo wangu bila kuuliza. Siku niliyosema kweli walinipa kiti nipumzike.

Watu walipokwisha kutoka nilikuwa narudisha kaseti mwanzo. Mama wa vitumbua akaja mpaka kwenye meza, beseni mkononi, shemeji yake nyuma yake.

"Papa, uliangalia uso yake?"

"Ya nani?"

"Ya fundi. Kapiteni amezeeka, nywele yote nyeupe. Yeye anarudia na uso ile ile. Nguo haina hata vumbi."

"Ni filme, mama."

"Minajua ni filme. Minyi si mujinga." Alichagua maneno kwanza, kama kawaida yake. "Wakati alishuka ngazi, nilitafuta furaha ndani yangu. Haiko. Nilisema: bongo, ni uongo. Kisha nikasikia mwenyewe neno nilisema."

Mashine ilikuwa inazunguka, nikaizima.

"Bwana wangu pia, nikimuwaza anarudia, eko vile. Kijana. Mguu imepona. Nguo safi. Miaka kumi na moja minamuangalia na uso moja tu, haizeeke. Muntu mwenye kuwa muzima anazeeka, papa."

Akaangalia televisheni iliyozimwa, kisha akaniangalia mimi, hasira ya jana haipo tena, au imechoka.

"Bale ba kaseti banatuhurumia, kama weye," akasema. Akamgeukia shemeji yake. "Shemeki, tufanye matanga."

Shemeji alichukua lile beseni kutoka mikononi mwake akalibeba yeye.

Matanga yalifanyika Base wiki ile ile, siku tatu, mbele ya nyumba yake. Niliomba ruhusa kazini nikaenda zote tatu. Wanawake wa askari kutoka kila pembe ya nchi waliimba, kila kundi kwa lugha ya kwao. Mimi nilipasua kuni, kwa kuwa nilitaka kufanya kitu chenye faida, na hakuna aliyenikataza.

Asubuhi ya siku ya mwisho, kabla mke hajaogeshwa na kuachiliwa, mtu wa ukoo husimama akaeleza jinsi marehemu alivyokwenda: ugonjwa ulianza wapi, alisema nini, saa ngapi alikata roho. Bila maelezo hayo matanga hayafungwi. Shemeji alisimama, akafungua mdomo, akafunga. Alikuwa mtu mwaminifu na hakuwa na la kusema. Watu wakaanza kutazamana. Ndipo yeye mwenyewe, aliyekuwa amekaa chini juu ya mkeka, kichwa kimefunikwa, akasema ataeleza.

Alieleza habari ya mpakani, na mwendo, na mguu uliovimba. Akaeleza mto. Akataja kivuli, maji, biskuti, na wenzake walivyomwambia watarudi. Hapo akapumzika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gogo karibu na kuni, na nilitamani kwa moyo wangu wote aachie hapo hapo, aogeshwe, iishe. Ningekuwa na mkasi ningekata.

Akaendelea. Alisema kesho yake maji yaliisha. Alisema siku ya tatu homa ilipanda, akawa anamwita mama yake, kisha anamwita yeye mkewe. Alisema ilikuwa jioni, na mto ulikuwa karibu lakini hakuweza kuufikia. Halafu akasema amekufa, akataja jina lake lote, la ukoo na la ubatizo, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwuliza alijuaje.